Ubuyu katika Maakuli ya Pwani na Bara

Miongoni mwa matunda ambayo watu wa Afrika ya Mashariki hawakuyapanda bali wameyaokota tangu dahari, sijui lililoingia jikoni kwa njia nyingi kuliko buyu. Na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi waliozaliwa mijini hulijua kwa zile mbegu nyekundu za sukari tu zinazouzwa mlangoni mwa skuli, ilhali kwa wazee wao lilikuwa chakula hasa, na akiba ya mwaka wa njaa.

Fadhila yake kubwa ni kwamba hukaukia mtini. Buyu likishakomaa ndani ya gamba lake gumu lenye manyoya laini, nyama yake hupoteza maji yenyewe ikawa vipande vyeupe vya kuvunjika kwa vidole, vilivyoshikana na mbegu na nyuzi nyekundu, hata mwenye kuliokota aweza kuliweka miezi mingi bila ya chumvi wala moshi. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao wangali wakiishi kwa mawindo na kuokota, huuchanganya ubuyu na maji wakaunywa, na mbegu nazo huzitwanga kwa jiwe wakazila, maana ndizo zenye mafuta. Wagogo wa Dodoma huutia katika uji, na majani machanga ya mbuyu huwa mboga. Kadhalika Wamijikenda wa Kilifi wana uji wao wa ubuyu.

Namna ya kuutayarisha ni nyepesi, lakini yataka subira. Vipande huloweshwa katika maji ya uvuguvugu, kisha huvurugwa kwa mkono, si kwa haraka, mpaka mbegu zibaki tupu na nyeusi; maji yale yakichujwa hutoka mazito na meupe mithili ya tui, nayo hutiwa chunguni mwishoni kabisa, uji ukiwa karibu kuepuliwa, kwa kuwa moto mwingi huiharibu vitamini C ambayo ubuyu umeikusanya kupita chungwa.

Wageni walioandika habari za mti huu waliustaajabia ukubwa wake kwanza. Ibn Battuta, akisafiri kwenda Mali mwaka 1352, alikuta mfumaji akifanya kazi ndani ya shina la mti mkubwa wa njiani. Prospero Alpini, tabibu wa Kiitalia, aliutia katika kitabu chake cha mimea ya Misri kilichotoka 1592. Na Michel Adanson, Mfaransa aliyefika Senegal mwaka 1749, ndiye ambaye jina lake wanavyuoni wameupa mti. Katika Senegal hiyo hiyo wapishi wana desturi ya kuyakausha majani yake, kuyatwanga na kuyatia katika kuskusi ya mtama, na kule Sudan ubuyu ni kinywaji mashuhuri. Hata ng'ambo ya bahari mti huu wa Afrika ulifika: mibuyu imesimama Dhofar katika Oman, na katika mji wa kale wa Mandu, India, mabuyu huuzwa barabarani. Umoja wa Ulaya uliruhusu ubuyu uuzwe kuwa chakula mwaka 2008 tu.

Ama hizo mbegu nyekundu, nazo zina ufundi wake, wala sizidharau. Sukari huchemshwa na maji mpaka ishike uzi, ikatiwa rangi, hiliki na chumvi kidogo, na pilipili kwa apendaye. Ndipo ubuyu na mbegu zake humiminwa na kukorogwa kwa nguvu, kila mbegu ivae sukari bila ya kuvuliwa ukali wake, kisha zikamwagwa juu ya sinia zipoe mbalimbali. Mpishi mjuzi huepua mapema, kwani sukari ikizidi moto huungua, na uchungu wake huufunika ukali wa ubuyu, ambao ndio uliomfanya mtu aliokote buyu tangu awali.