Habakuki, Kitabu cha

Kitabu cha Habakuki ni cha 8 kati ya vitabu 12 vya manabii wadogo katika Agano la Kale. Kina sura 3 na aya 56 tu. Msomaji asiye na haraka hukimaliza kwa robo saa. Nabii kwa kawaida hupokea neno la Mungu akalipeleka kwa watu. Habakuki anayapeleka ya watu kwa Mungu, na anadai majibu. Kwa hiyo Wakristo wanaotafakari mamlaka ya Mungu na uaminifu wake hukirudia pale yanayoonekana kwa macho yanapokataa kulingana na waliyofundishwa kuamini.

Habari za mtu mwenyewe ni chache mno. Baba yake hatajwi, wala kijiji chake, wala mfalme aliyetawala. Maagizo ya kupiga vinanda yaliyo mwishoni mwa sura ya 3 yamewafanya baadhi ya wataalamu wamdhanie kuwa mmoja wa waimbaji wa hekalu. Kinachokisika ni wakati. Wakaldayo, yaani Wababeli, wanatajwa kama taifa linaloinuka, na kwa sababu hiyo wengi hukiweka kitabu mwishoni mwa karne ya 7 KK. Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, ulianguka mwaka 612. Mwaka 609 Yosia, mfalme wa Yuda aliyelikarabati hekalu na kuirudisha torati mahali pake, aliuawa Megido katika kupambana na Farao Neko. Muda mfupi baadaye Neko akamtawaza Yehoyakimu, mwana wa Yosia, ambaye Yeremia anamshutumu kwa kujijengea jumba la fahari bila kuwalipa waliomjengea. Mwaka 605 Nebukadreza akawashinda Wamisri huko Karkemishi, na njia ya kuiendea Yerusalemu ikawa wazi.

Malalamiko ya kwanza ya nabii hayamhusu adui wa nje. Yanahusu nyumbani: dhuluma, ugomvi, sheria iliyolegea, hukumu zinazotoka zimepindishwa. Amelia siku nyingi na Mungu haonekani kusikia. Jibu linapokuja linazidi ugonjwa wenyewe. Mungu anasema yeye ndiye anayewainua Wakaldayo, taifa kali lenye farasi wepesi kuliko chui, ambalo nguvu zake ndizo mungu wake. Hapa mafundisho kuhusu mamlaka ya Mungu yanakuwa magumu kumeza. Kusema Mungu anatawala mataifa yote ni rahisi mradi mtu haulizi ni nani aliyeyaleta majeshi yanayochoma mji wake. Kitabu hakimpi msomaji nafasi ya kulikwepa swali hilo.

Habakuki naye halikwepi. Anamrudia Mungu kwa hoja: wewe ni wa milele, macho yako ni safi mno hata huvumilii kuutazama uovu, inakuwaje unanyamaza mwovu akimmeza aliye mwadilifu kuliko yeye? Kisha anachora picha ambayo mvuvi wa Bagamoyo au Lamu hahitaji kufafanuliwa. Wanadamu wamekuwa kama samaki wasio na mkuu. Mkaldayo anawavua kwa ndoana, anawakokota kwa juya, na akishashiba anakaa chini na kulitolea juya lake sadaka na kulifukizia uvumba, kwa kuwa ndilo linalomnenepesha. Ni kejeli kali, na wahubiri wengi huipita mbio wakielekea sura ya 2. Pengine hakuna mahali pengine katika Biblia panapoonyesha kwa ufupi namna hii jinsi dola inavyoabudu vyombo vyake vya kazi.

Akishamaliza kusema, nabii anapanda mnarani kungoja atakavyojibiwa. Anaagizwa aiandike njozi katika vibao, iwe wazi hata msomaji aweze kuisoma kama maji, na aingoje hata ikikawia, kwa kuwa ina wakati wake. Maneno hayo yamepata umaarufu makanisani Afrika Mashariki, hasa katika mikesha ya mwaka mpya, waumini wanapohimizwa kuandika maono yao daftarini: kiwanja, ada za watoto, biashara. Hakuna ubaya kumwomba Mungu kiwanja. Ila njozi aliyoandika Habakuki haikuwa mpango wa maendeleo ya mtu. Ilikuwa hukumu juu ya dola. Inafuatwa na ole 5: kwa anayejirundikia mali ya watu, kwa anayeipatia nyumba yake mapato ya udhalimu, kwa anayejenga mji kwa damu, kwa anayemlevya jirani ili amwaibishe, na kwa anayeuambia mti uamke. Katika ole ya pili jiwe linapiga kelele ukutani na boriti inalijibu, kama mashahidi waliokuwapo nyumba ilipojengwa. Mfululizo wote unaishia kwenye tamko kwamba Bwana yumo katika hekalu lake takatifu na dunia yote imnyamazie. Baada ya sanamu zisizoweza kusema, sasa wanaotakiwa kunyamaza ni wanadamu.

Hesabu ya miaka ina uzito wake. Yerusalemu ilibomolewa karibu na mwaka 587, na Babeli yenyewe haikutekwa na Koreshi wa Uajemi hadi 539. Kutoka Karkemishi hadi siku hiyo ni miaka 66. Aliyeusikia ujumbe huu akiwa mtu mzima alizikwa kabla haujatimia. Uaminifu wa Mungu katika kitabu hiki, basi, haupimwi kwa umri wa mtu mmoja, na anayekisoma kama ahadi ya faraja ya mwezi ujao anakidai kitu ambacho hakikumpa hata mwandishi wake.

Katikati ya njozi hiyo, katika 2:4, ndipo penye kauli kwamba mwenye haki ataishi kwa imani yake. Katika Kiebrania imani hiyo ni ya mwenye haki, na inabeba pia maana ya uthabiti. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ikaiandika kuwa ni ya Mungu, yaani uaminifu wake yeye. Paulo, akiinukuu kwa Warumi na kwa Wagalatia, hakusema ni ya nani. Waraka kwa Waebrania uliitumia kuwatia moyo waliokuwa wamechoka kuvumilia. Jumuiya ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, ilikuwa na ufafanuzi wake, uliopatikana mwaka 1947 katika gombo lenye safu 13: hapo wanaookolewa ni washika torati wanaomwamini Mwalimu wa Haki, kiongozi wa jumuiya hiyo. Gombo linafafanua sura 2 za kwanza tu. Martin Luther, aliyeuchapisha ufafanuzi wake wa Habakuki mwaka 1526, aliifanya kauli hiyo kwa njia ya Paulo kuwa msingi wa mafundisho ya kuhesabiwa haki kwa imani. Alifanya kazi kubwa, lakini tangu hapo Waprotestanti wengi humkumbuka Habakuki kwa mstari mmoja na kuyasahau mabishano yaliyouzaa.

Sura ya 3 ni sala ya kuimbwa. Mungu anakuja kutoka Temani na mlima Parani, tauni ikimtangulia, jua na mwezi vikisimama. Nabii anakiri kwamba mwili wake unatetemeka, midomo inagonga, mifupa inaoza. Ndipo anapotaja mazao na mifugo, kimoja kimoja: mtini usiochanua, mzabibu usio na matunda, mzeituni uliodanganya, mashamba yasiyo na chakula, zizi lisilo na kundi, banda lisilo na ng'ombe. Si orodha ya mapambo. Ndiyo ghala zima la mkulima wa Yuda, tini na divai, mafuta, nafaka, nyama na maziwa, na vyote vikikosekana pamoja ni njaa. Anasema hata hivyo atamfurahia Bwana, naye bado anatetemeka. Hasemi kwamba swali lake la sura ya 1 limejibiwa.

Mapokeo ya baadaye yalimwongezea nabii masimulizi. Katika Beli na Joka, sehemu ya Danieli iliyomo katika Biblia za Kikatoliki na Kiorthodoksi, amebeba chakula cha wavunaji, na malaika anamshika nywele na kumpeleka Babeli akamlishe Danieli katika tundu la simba. Kaburi linaloitwa lake lipo Tuyserkan nchini Iran, na jingine Kadarim nchini Israeli. Waorthodoksi humwadhimisha tarehe 2 Desemba. Sanamu ya marumaru ya mtu mwenye kipara ambayo Donatello aliichongea mnara wa kengele wa Firenze katika karne ya 15 kwa kawaida husemwa kuwa ni yeye, ingawa watu wa mji huo humwita tu Zuccone.