Mwezi Ndani ya Paipu

Fundi alipiga magoti kando ya manholi, akaomba kioo. Kile kidogo cha kunyolea ndevu kilitosha. Akakifunga kwenye ncha ya waya, akakiteremsha hadi kwenye mdomo wa paipu. Kijana wake alikuwa kwenye manholi ya pili, futi 40 mbele, akimulika tochi ndani. "Shosho, njoo ujionee," fundi akamwita mwenye ploti. Bibi akainama polepole, mkono mmoja gotini. Paipu iliyonyooka huonyesha mwanga wa duara, mwezi mpevu kabisa. Huu ulikuwa ukanda mwembamba kama mwezi mwandamo: juu umekatwa na mgongo wa paipu, chini umezamishwa na maji.

"Mbona hayo maji hayaendi, kijana wangu?"

"Yamelala, Shosho. Paipu imelegea katikati kama kamba ya nguo. Nikizibua leo, mwezi ujao utanipigia simu tena. Lazima tuchimbe."

Ploti hiyo iko Mwiki ya Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Nataja kaunti kwa sababu ukivuka mpaka kuna Mwiki nyingine, ya Kasarani, Nairobi. Upande huu maji na maji taka ni kazi ya kampuni ya RUJWASCO, upande ule ni ya kampuni ya Jiji la Nairobi. Udongo haujui mpaka huo, na habari yenyewe ni ya udongo.

Jioni ile mtoto wa Shosho aliye Marekani alipiga simu. Bomba la nyumba yake lilitengenezwa kwa siku moja bila kuchimba hata kipande cha ua. Lilitiwa bitana, kama fundi cherehani anavyolitia koti. Kwa nini basi mama yake achimbuliwe ua kama shamba la viazi? Swali lilikuwa la haki. Vibarua walisimamishwa siku mbili, na mimi nikapata sababu ya kufikiri jinsi watu wa kwingine wanavyolitibu bomba lililougua, na kwa nini.

Tuanze London, kwa kuwa bitana ilizaliwa huko. Kiangazi cha mwaka 1858 uvundo wa Mto Thames uliwapanda wabunge puani, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji mikubwa ya matofali chini ya jiji. Kazi ilikuwa nzuri mno, kiasi kwamba miaka 100 baadaye mifereji ilikuwa bado inafanya kazi, ila juu yake palikuwa pamejaa: lami, mabomba ya gesi, nyaya, mabasi, maduka. Kufukua bomba kulimaanisha kufunga barabara. Ndipo mwaka 1971, mtaa wa Hackney, Eric Wood akaingiza ndani ya mfereji mkongwe mfuko mrefu wa kitambaa kizito uliolowa utomvu wa kemikali. Mfuko wa aina hiyo husukumwa kwa maji huku ukijigeuza ndani nje kama soksi, unabana ukuta wa bomba, kisha maji yanapashwa moto na kitambaa kinakauka kigumu. Bomba jipya ndani ya bomba kuukuu. Mwishoni mwa muongo huohuo Waingereza wakabuni na njia ya kupasua, kwanza kwa ajili ya mabomba ya gesi: kichwa cha chuma chenye umbo la pia kinavutwa ndani ya bomba bovu, kinalivunja vipandevipande, na nyuma yake kinaburuta bomba jipya la plastiki.

Njia zote mbili zilitokana na swali moja: tufanyeje ili tusiguse kilicho juu? London thamani iko juu ya ardhi na kibarua ni ghali, hivyo mashine inayokwepa kuchimba inalipa gharama zake yenyewe. Marekani nako ni vivyo hivyo. Huko mwenye nyumba ndiye anayebeba mzigo wa bomba lake mpaka linapokutana na la mji, na katika miji mingine mzigo huo unafika hadi chini ya barabara. Bomba lenyewe mara nyingi ni la udongo wa kuchoma, lililopenyezwa na mizizi ya miti kwenye maungio, au ni lile la Orangeburg, lililotengenezwa kwa nyuzi za karatasi na lami, ambalo lilizikwa kwa wingi katikati ya karne ya 20 na sasa linabonyea kama boksi lililonyeshewa. Bomba la udongo lenye nyufa lakini lililolala sawasawa likitiwa bitana linapona kweli. Mtoto wa Shosho hakudanganywa.

Lakini bitana hufuata umbo la nguo. Koti lililoshonwa upande ukilitia hariri ndani litabaki upande. Bomba lililobonyea katikati likitiwa bitana linakuwa bomba jipya lililobonyea katikati, na maji yatalala palepale, sasa kwenye kitanda laini. Hata kichwa cha kupasua kinapita njia ileile ya bomba la zamani. Sifa ya njia hizi ni kwamba haziugusi udongo, na ugonjwa wa ua wa Shosho ulikuwa kwenye udongo wenyewe.

Anayekaa Mwiki anaujua. Ni ule mweusi ambao wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na mvua ya Aprili ikinyesha unavimba, unanata, unang'ang'ania gambuti mpaka mguu unatoka peke yake. Mafundi wanauita blakotoni. Una aina ya mfinyanzi inayokunywa maji na kutanuka, kisha ikikauka inanywea. Ndiyo maana anayejenga huko huuchimba na kuutoa hadi afike kwenye murami au mwamba ndipo aweke msingi wa mawe ya Ndarugo. Nyumba hupewa heshima hiyo. Paipu haipewi. Mtaro huchimbwa kijuujuu, paipu hulazwa juu ya udongo uleule mweusi, hufukiwa kwa uleule, na kwa kuwa hakuna atakayeiona tena, mara nyingi ni ile nyembamba ya kijivu iliyokusudiwa kupanda ukutani, si ya hudhurungi inayotengenezwa kwa kuzikwa. Maungio hupakwa gundi ya Tangit yakawa kitu kimoja kigumu. Msimu wa kwanza ardhi inapanda, wa pili inashuka, wa tatu paipu imejikunja au imeachia kwenye kiungo. Ile ya hudhurungi yenye pete ya mpira kwenye kiungo huweza kucheza kidogo bila kuvuja. Tofauti ya bei yake si kubwa ukilinganisha na kumwita fundi mara nne kwa mwaka.

Kabla sijarudi uani kwa Shosho, nipitie pwani, maana sisi huku bara tunazungumza kana kwamba elimu ya maji taka ilishuka na meli ya Mwingereza. Magofu ya Gedi, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, yana vyoo vya mashimo vilivyojengwa ndani ya majumba ya mawe mamia ya miaka kabla ya reli kufika Nairobi. Choo kilipakana na mahali pa kunawia, na safari ya uchafu ilikuwa fupi mno: ulishuka moja kwa moja. Lamu mpaka leo maji ya kuogea na kuoshea hupita kwenye vijitaro vya wazi kando ya vichochoro kuelekea baharini. Mgeni hukunja pua. Mimi ninachoona ni kwamba hakuna anayehitaji kioo wala tochi. Mtaro ukiziba saa mbili asubuhi, jirani ameshauona, na kijiti cha kuuzibulia kiko karibu. Huko ukarabati ni kazi ya kila siku, sawa na kufagia.

Bei ya desturi hiyo nayo ipo, na ni kubwa: harufu, mbu, na visima vifupi vilivyo jirani na mashimo. Sipendekezi mitaro ya wazi Mwiki, ambako mvua moja inatosha kuigeuza mito. Ila kuna jambo la pwani ambalo lingeokoa paipu nyingi za bara. Choo cha Mswahili kimezoea maji ya kutawadhia. Chetu cha ploti, kinachotumiwa na nyumba sita, hulishwa magazeti, vitambaa, pampasi na mafuta ya kukaangia. Tusijione duni peke yetu: mwaka 2017, mtaa wa Whitechapel, London, wafanyakazi walikuta donge la mafuta na vitambaa vya kupangusia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na kipande chake kikawekwa makumbusho watu wakatazame. Mfereji uwe mzuri kiasi gani, haushindani na mdomo unaolishwa hovyo.

Dar es Salaam wana neno ambalo sisi hatuna, ingawa tendo tunalo: kutapisha. Shimo la choo likijaa na fedha za gari la kunyonya hazipo, huchimbwa shimo jingine kando na uchafu ukahamishiwa humo, au husubiriwa mvua kubwa, choo kikafunguliwa, mafuriko yakafanya kazi. Mwiki hatusemi kutapisha. Tunasikia tu mfuniko ukiburutwa usiku wa mvua, na asubuhi barabara inanuka. Huo nao ni uamuzi wa ukarabati, tena ulio rahisi kuliko wote kwa anayeufanya, kwa sababu bili inapelekwa kwa jirani wa chini.

Bili ndiyo inayotenganisha desturi hizi kuliko mashine. Uingereza, tarehe 1 Oktoba 2011, mabomba ya maji taka yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja yalihamishwa kutoka mikononi mwa wenye nyumba kwenda kwa kampuni za maji. Watu waliamka asubuhi wakiwa wamepunguziwa mzigo ambao wengi wao hawakujua wanao. Kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha kuridhisha cha usafi, lakini mtaro ulio ndani ya ukuta wako ni wako. Na wengi Mwiki bado hawajaunganishwa na bomba la kampuni. Paipu yao inaishia kwenye tangi la septiki au bayodaijesta, kisha eksosta, lile gari la kunyonya, huitwa. Tangi likijaa, maji hurudi nyuma kwenye paipu, na mtu huanza kuilaumu paipu isiyo na kosa. Fundi wa Shosho alilichungulia tangi kabla ya kugusa kingine chochote. Alilichungulia kutoka juu, na kwa hilo nilimheshimu. Gesi ya mashimo hayo hunuka mayai viza mwanzoni, kisha huua uwezo wa pua wa kuisikia, kisha huua mtu. Anayeshuka kumwokoa mwenzake humfuata. Fundi akikuambia ataingia dakika moja tu, mkataze.

Basi hukumu yangu, na nitakubali kubishiwa. Chini ya jengo la ghorofa tano lililojaza ploti ya 50 kwa 100 ukuta hadi ukuta, ambako kuchimba ni kubomoa sebule ya mpangaji, bitana ina haki yake, mradi kwanza ithibitishwe kwamba paipu imenyooka. Kwenye ua wa wazi wa Mwiki, chimba. Sisemi hivyo kwa sababu kibarua ni rahisi, ingawa ni rahisi. Mtaro ndio nafasi pekee ya kuutoa udongo mweusi, na njia isiyochimba inaipoteza nafasi hiyo kwa fahari ya teknolojia.

Shosho alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akamwambia fundi aendelee. Vibarua wawili walichimba kwa sururu siku mbili. Chini ya paipu ya zamani waliteremka inchi sita zaidi, wakatoa blakotoni yote na kuijaza nafasi kwa vumbi la kwari, wakilishindilia tabaka kwa tabaka. Fundi alifunga kamba toka manholi hadi manholi. Kanuni yake ni ile ambayo Waingereza wanaiita ya Maguire, ya karne ya 19, ingawa yeye aliipokea kwa bwana aliyemfundisha kazi Githurai na hajawahi kulisikia jina hilo: paipu ya inchi nne ishuke futi moja kwa kila futi 40. Alipima kila hatua tatu, akikwangua hapa, akiongeza vumbi pale. Shosho aliuliza mara mbili kwa nini asiongeze mteremko ili maji yakimbie kabisa. "Bwana wangu alisema, Shosho, yakikimbia sana yatauacha mzigo nyuma."

Walilaza paipu ya hudhurungi yenye pete za mpira, wakaifunika kwa vumbi la kwari kabla ya udongo wowote kuigusa. Kabla ya kufukia, kijana akaenda na tochi kwenye manholi ya pili.

Kwa hiyo ukiwa na ploti Mwiki na vyoo vinarudisha maji, usianze kwa kuuliza bei ya njia yoyote. Mwambie fundi alete kioo, na uiname uangalie mwenyewe. Shosho aliinama tena, mkono gotini, akakaa hivyo kwa muda. Mwezi ulikuwa duara, wote.