Kutoka Doa hadi Ushahidi: Jaribio la Uhlenhuth na Kesi ya Ludwig Tessnow, 1898–1901

Historia ya ushahidi wa damu katika kesi za mauaji mara nyingi husimuliwa kama mfululizo wa uvumbuzi wa maabara. Insha hii inadai kuwa ni historia ya maswali: wachunguzi wa kila kipindi waliweza kuthibitisha yale tu ambayo mbinu zao ziliwaruhusu kuuliza. Kesi ya Ludwig Tessnow, seremala wa Ujerumani, inadhihirisha hoja hiyo, kwani mtu huyohuyo alishukiwa mara mbili, na katikati swali lilikuwa limebadilika.

Mnamo Septemba 1898, wasichana wawili waliuawa katika kijiji cha Lechtingen, karibu na Osnabrück. Tessnow alihojiwa kuhusu madoa yaliyokuwa kwenye nguo zake, akajibu kuwa yalikuwa rangi ya mbao. Jibu hilo liliafikiana na kazi yake. Tangu mwaka 1863 lilikuwapo jaribio la Christian Schönbein, lililotegemea haidrojeni peroksaidi kutoa povu inapokutana na damu. Hata hivyo, jaribio hilo halikuweza kutenganisha damu ya binadamu na ya mnyama, na vitu vingine visivyo damu viliweza kutoa povu vilevile. Tessnow aliachiliwa.

Tarehe 1 Julai 1901, wavulana wawili, mtu na nduguye, waliuawa katika kisiwa cha Rügen. Tessnow, aliyekuwa akiishi kisiwani humo, alikamatwa, na kwa mara nyingine akataja rangi ya mbao. Aidha, mkulima mmoja, ambaye kondoo wake walikuwa wamechinjwa na kukatwakatwa wiki chache kabla, alimtambua kuwa ndiye mtu aliyemwona akikimbia.

Safari hii maabara ilikuwa na swali jipya. Mapema mwaka huohuo, Paul Uhlenhuth wa Chuo Kikuu cha Greifswald alikuwa amechapisha njia ya kutambua damu ni ya kiumbe gani. Sungura akidungwa damu ya binadamu, mwili wake hutengeneza kingamwili dhidi ya protini za damu hiyo. Seramu ya sungura huyo ikichanganywa na damu ya binadamu, hata iliyotolewa kwenye doa kavu kwa maji ya chumvi, mchanganyiko hutibuka na kufanya mashapo. Damu ya mnyama wa jamii ya mbali haifanyi hivyo. Kwenye nguo za Tessnow, Uhlenhuth alibaini damu ya binadamu na damu ya kondoo. Tessnow alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifo.

Uzito wa matokeo hayo ulitokana na namna yalivyoshikana na ushahidi mwingine: damu ya kondoo iliunga mkono maneno ya mkulima, na damu ya binadamu ilivunja utetezi wa rangi. Pamoja na hayo, jaribio halikusema damu ilikuwa ya nani. Makundi ya damu, yaliyoelezwa na Karl Landsteiner huko Vienna mwaka 1901 na kutumiwa na Leone Lattes kwa madoa makavu kuanzia mwaka 1915, yaliweza kumwondoa mtu katika orodha ya washukiwa, lakini si kumtambulisha peke yake, kwa kuwa watu wengi huwa na kundi moja. Swali hilo lilisubiri uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya 1980.

Hivyo basi, kimya cha maabara mwaka 1898 hakikuthibitisha kwamba mshukiwa hakuwa na hatia. Kilionesha mpaka wa maarifa ya wakati ule. Gharama ya mpaka huo inaonekana Rügen.