Mwendo wa Kusoma kutoka Uvira hadi Rurambo

Kasi ya kusoma, yaani idadi ya maneno ambayo msomaji huyapitia kwa dakika moja bila kupoteza maana, ni kipimo kigeni katika eneo la Uvira, mkoani Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, lakini mjadala juu ya mwendo unaofaa wa kusoma ni wa zamani huko kuliko shule zenyewe. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858, mahali hapo ndipo palipokuwa mpaka wa kaskazini wa biashara ya ziwani iliyoendeshwa na Waarabu na Waswahili wa Ujiji, na biashara hiyo ndiyo iliyoutia Uislamu na maandishi yake katika pwani ya Ziwa Tanganyika. Elimu ya tajwidi, ambayo ni kanuni za kuitamka Kurani, hutambua mwendo wa aina tatu: tahakiki, ambao ni wa taratibu na hutumika kufundishia, tadwiri, ambao ni wa kati, na hadri, ambao ni wa haraka, lakini kila herufi hupewa haki yake. Maendeleo ya mwanafunzi yalihesabiwa kwa juzuu alizozimaliza hadi kuhitimu, wala haraka peke yake haikuwa sifa, kwa sababu aliyekimbia akazimeza herufi alirudishwa nyuma.

Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki waliofika Ujiji mwaka 1879 na kufungua vituo vya Mulweba (1880) na Kibanga (1883) upande wa magharibi wa ziwa, walikuja na utaratibu wa mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, uliomtaka mwongofu afundishwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Mafundisho hayo yalikaririwa kwa kichwa, kwa hiyo sikio lilifanya kazi kubwa kuliko jicho. Mkazo ulibadilika Wapentekoste wa Sweden walipofika Uvira mwaka 1921, kwa kuwa Uprotestanti humtaka muumini aifungue Biblia kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwanyima Waprotestanti ruzuku ya shule hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na upungufu huo ulizirudisha nyuma shule zao kwa muda mrefu.

Kwa upande wa Rurambo, katika nyanda za juu zinazolitazama bonde la Ruzizi, ambako Wafuliiru, Wanyindu na Wanyamulenge wamekaa, jambo lililoamua mwendo wa msomaji zaidi ya yote ni lugha. Baada ya uhuru, katika mwaka 1962, Kifaransa kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Katika miaka ya 1970 lugha za taifa, ambayo kwa mashariki ni Kiswahili, zilirudishwa katika madarasa ya mwanzo. Mtoto anayezungumza Kifuliiru au Kinyamulenge nyumbani hujifunza herufi katika lugha ya pili, kisha huvushwa kwenda kwenye ya tatu kabla hajaizoea ile ya pili, na kusoma kwake polepole mara nyingi hutokana na kutafuta maana ya neno ambalo jicho lake limekwisha kuliona.

Kipimo cha dakika moja kilitoka mbali. Mfaransa Émile Javal alieleza katika miaka ya 1870 kwamba jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari kwa mfululizo, bali huruka na kutua, na kutokana na utafiti wa aina hiyo karne ya 20 ikapata mitihani ya kasi. Mwaka 2006 taasisi ya Marekani ya RTI International ilianza kutayarisha tathmini ya madarasa ya awali, ambamo mtoto husoma hadithi fupi kwa sekunde 60, maneno aliyoyasoma sawasawa yakahesabiwa, kisha akaulizwa maswali. Tanzania ilijiwekea lengo la maneno 50 kwa dakika kwa Kiswahili.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa, kwa kuwa neno la Kiswahili hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kitenzi kwa pamoja: «nitakusomea» ni neno moja, ilhali Kifaransa huhitaji matatu kusema hayo hayo. Utafiti wa mwaka 2012 uliolinganisha lugha 17 uliona kwamba watu wazima wa Ufini, ambao lugha yao pia huunganisha viambishi, walisoma maneno 161 kwa dakika dhidi ya 228 ya wasomaji wa Kiingereza, lakini herufi zilipohesabiwa Wafini walitangulia. Kumpima mtoto wa Rurambo kwa hesabu ya maneno na kumlinganisha na wasomaji wa Kifaransa ni kumdhulumu. Silabi zingempima kwa haki zaidi.

Kuhusu kuongeza kasi, kozi za kusoma kwa haraka zilizoenezwa na Evelyn Wood huko Marekani kuanzia 1959 ziliahidi makubwa, ila utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba anayeruka mistari hulipa kwa kuelewa kidogo. Kinachoharakisha jicho ni msamiati na mazoezi, na mazoezi hutaka vitabu. Tangu elimu ya msingi ya umma itangazwe kuwa bure nchini Kongo mwaka 2019, madarasa yamejaa, na kitabu kimoja hugombewa na wengi. Wakuu wa elimu wa Kivu Kusini wanaotaka watoto wa nyanda za juu wasome kwa wepesi hawana budi kuanza kwa kuwapelekea vitabu vya Kiswahili na vya lugha za nyumbani kwao, kisha ndipo waende na saa ya kupimia.