Msimbo Usiofichwa: Jinsi Wabunifu wa Tovuti Walivyofundishana Kazi

Ubunifu wa tovuti, yaani kazi ya kupanga maandishi, picha, rangi na vitufe katika kurasa zinazosomwa kwa intaneti, ni miongoni mwa fani chache ambazo katika miaka yake ya mwanzo hazikuwa na chuo, mtihani wala cheti cha kutambulika, na hata hivyo zilizalisha mafundi stadi wengi kwa muda mfupi. Sababu kuu haikuwa werevu wa mafundi hao, bali namna wavuti wenyewe ulivyojengwa: kila ukurasa uliofika kwenye kompyuta ya msomaji ulifika pamoja na maelekezo yake yote ya ujenzi, na aliyetaka kujua ulivyosukwa hakuhitaji ruhusa ya mtu. Historia ya mafunzo ya fani hii, kwa hiyo, ni kwa kiasi kikubwa historia ya msimbo ulioachwa wazi, na ya yale yaliyotokea uwazi huo ulipoanza kupungua.

Tovuti ya kwanza ilifunguliwa kwa umma mwaka 1991 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva. Lugha aliyoibuni, HTML, ni mfumo wa kuweka alama ndani ya matini ili kompyuta itambue kipi ni kichwa cha habari, kipi ni aya na kipi ni kiungo cha kuelekea ukurasa mwingine. Alama hizo, ziitwazo lebo, zilikuwa chache sana katika maelezo yake ya kwanza, na zote ziliandikwa kwa herufi za kawaida ambazo mtu yeyote angeweza kuzisoma. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu za wavuti ni mali ya umma, na mwaka huohuo wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitoa kivinjari cha Mosaic, ambacho kilionyesha picha katikati ya maandishi badala ya kuzifungua kwenye dirisha la pembeni. Mosaic, na baadaye Netscape, vilikuwa na amri ndogo kwenye menyu iliyomwezesha msomaji kuutazama msimbo wa ukurasa alioufungua. Mwanafunzi alinakili msimbo huo, akabadilisha neno moja au rangi moja, akauhifadhi na kuufungua tena ili aone kilichobadilika. Ni kama mwanagenzi wa seremala anayejifunza kwa kulifungua kabati la bwana wake na kulirudishia, isipokuwa hapa kabati la bwana halikuguswa na wanagenzi wangeweza kulifungua kwa mamilioni siku hiyohiyo.

Uwazi huo ulieneza maarifa, lakini ulieneza pia hila. HTML haikukusudiwa kupamba ukurasa, na wabunifu waliotoka katika magazeti na matangazo, waliozoea safu wima na nafasi zilizopimwa, walikuta lugha isiyo na safu wala kipimo. Netscape ilipoanza kuonyesha majedwali mwaka 1995, waliyageuza majedwali hayo, yaliyowekwa kwa ajili ya takwimu, kuwa fremu za kushikilia ukurasa mzima: jedwali ndani ya jedwali, mipaka yake ikiwa imefutwa isionekane. Mahali palipohitaji nafasi tupu waliweka picha ya pikseli moja tu isiyo na rangi yoyote, wakailazimisha kutanuka hadi upana walioutaka. David Siegel, aliyezieneza mbinu hizi kwa kitabu chake cha mwaka 1996 kilichosomwa sana na wabunifu wa kizazi kile, alirudi mwaka uliofuata na makala ya kukiri kwamba wavuti umeharibika na kwamba yeye mwenyewe ana mkono katika uharibifu huo. Hukumu hiyo ilikuwa kali kuliko ilivyostahili, kwa kuwa zana nyingine hazikuwapo, ila madhara yalikuwa ya kweli: ukurasa uliojengwa kwa majedwali ulikuwa mzito, ulisomeka kwa shida na mashine zinazowasomea wasioona, na kubadilisha mwonekano wa tovuti yenye kurasa 500 kulimaanisha kuzifungua zote 500.

Mafunzo ya kulipia yalianza katika kipindi hichohicho. Lynda Weinman, mwalimu wa usanifu wa picha huko California, alipokosa kitabu cha kuwapa wanafunzi wake alikiandika mwenyewe, na miongoni mwa mambo aliyoyatangaza ni orodha ya rangi 216 ambazo zingeonekana sawa kwenye Windows na Macintosh, wakati skrini nyingi ziliweza kuonyesha rangi 256 tu. Kampuni aliyoianzisha na mumewe mwaka 1995 ilikua ikawa maktaba kubwa ya masomo ya video, na mwaka 2015 LinkedIn iliinunua kwa takribani dola bilioni 1.5. Kwa upande wa mafunzo ya bure, kampuni moja ya Norway ilianzisha W3Schools mwaka 1998, ambayo bado ni kimbilio la wengi wanaoanza, ingawa wengi hudhani kimakosa kwamba ni chombo cha W3C, jumuiya inayosimamia viwango vya wavuti.

Dawa ya majedwali ilikuwa imekwisha kupendekezwa. Mnamo Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwei aliyekuwa CERN, alitoa pendekezo la laha za mitindo, yaani faili la pekee linaloeleza rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio, huku HTML ikibaki na maana ya matini peke yake. Akishirikiana na Mholanzi Bert Bos aliliendeleza hadi likawa kiwango rasmi cha CSS mnamo Desemba 1996. Kilichochelewesha matumizi yake ni ushindani wa Microsoft na Netscape, kwani kila kampuni ilitekeleza sehemu iliyoipenda na kwa namna iliyoipenda. Mfano mmoja unatosha: kiwango kilisema kwamba sanduku la upana wa pikseli 300 lenye nafasi ya ndani ya pikseli 20 kila upande linachukua pikseli 340, ilhali Internet Explorer 5 ya Windows, kivinjari cha Microsoft, ilizihesabu nafasi hizo ndani ya zile 300, na ukurasa uliopangwa sawasawa kwenye kivinjari kimoja ukavunjika kwenye kingine. Mwaka 1998 wabunifu wa Marekani, akiwamo Jeffrey Zeldman, waliunda kikundi cha kuzishinikiza kampuni hizo zifuate viwango. Mwaka huohuo Zeldman alianzisha jarida la A List Apart, na humo, mwaka 2000, John Allsopp wa Australia aliandika kwamba mbunifu anayeng'ang'ania kuutawala ukurasa kama karatasi ya chapa hajauelewa wavuti.

Hoja za aina hiyo ziliwashawishi wahandisi kuliko wasanifu, ambao bado waliamini kwamba CSS haiwezi kuzaa kitu cha kupendeza. Aliyewajibu ni Dave Shea, mbunifu wa Vancouver, Kanada, ambaye mnamo Mei 2003 alifungua CSS Zen Garden. Alichofanya ni kuandika faili moja la HTML lenye matini fupi kuhusu ubunifu wenyewe, akaweka pamoja nalo miundo michache aliyoichora kwa CSS, kisha akawaalika wabunifu wa dunia nzima kupakua faili hilo na kurudisha laha yao ya mitindo pamoja na picha zao. Sharti lilikuwa moja na halikulegezwa: HTML haiguswi. Kwa kubofya kiungo kimoja msomaji aliyaona maneno yaleyale yakihama kutoka safu ya kushoto kwenda kulia, yakivaa sura ya bango la sinema, ya bustani, ya kitabu kikongwe au ya chini ya bahari, bila herufi hata moja ya matini kubadilika. Miundo iliyopokelewa rasmi ilipita 200, na mwaka 2005 Shea na Molly Holzschlag walitoa kitabu kilichochambua 36 kati yake.

Umuhimu wa Zen Garden katika mafunzo unaonekana zaidi anayeichunguza anapofungua faili lenyewe. Kila sehemu ya matini imepewa jina lake ili laha ya mitindo iweze kuishika, katika toleo la mwanzo maneno ya kila kichwa cha habari yalizungushiwa lebo ya ziada, na mwishoni kuna masanduku sita matupu yasiyo na maana yoyote, yaliyowekwa ili mbunifu apate pa kutundika mapambo yake. Masanduku hayo sita ni ungamo la kimyakimya: utenganisho wa maana na mwonekano, uliohubiriwa na wanaviwango, haukuwa kamili hata katika kazi iliyoundwa kuuthibitisha. Lebo za ziada kwenye vichwa vya habari nazo zilitumika kwa mbinu ya kuficha maneno na kuweka picha ya herufi za kupendeza mahali pake, kwa kuwa wakati huo mbunifu alilazimika kutegemea herufi zilizokuwamo tayari kwenye kompyuta ya msomaji. Kabla ya mwaka 2003 kwisha, Joe Clark wa Kanada alionyesha kwa majaribio kwamba baadhi ya visoma skrini, yaani programu zinazowasomea wasioona, viliyaruka kabisa maneno yaliyofichwa hivyo. Mbinu ilirekebishwa na mbadala wake ukajadiliwa hadharani, na wanafunzi waliojifunza kosa wakajifunza na sahihisho lake papo hapo. Hakuna kitabu cha darasani cha zama hizo kilichoweza kwenda kwa kasi hiyo.

Kisha simu zikaja. Tarehe 25 Mei 2010 Ethan Marcotte wa Marekani alichapisha katika A List Apart makala kuhusu ubunifu unaojirekebisha, yaani ukurasa mmoja unaobadilisha mpangilio wake kulingana na upana wa skrini. Moja ya misingi yake ni hesabu ya darasa la tano: upana wa kitu hugawanywa kwa upana wa kile kinachokibeba, hivyo safu ya pikseli 300 ndani ya ukurasa wa pikseli 960 huandikwa asilimia 31.25 na kubaki na uwiano wake hata ukurasa ukifinywa. Kwa Afrika Mashariki suala hili halikuwa la mitindo. Kabla ya SEACOM, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, kuanza kazi Mombasa na Dar es Salaam mnamo Julai 2009, eneo hili lilitegemea zaidi setilaiti, na kurasa nzito zilizosifiwa kwingineko zilikuwa ghali kufunguliwa katika mikahawa ya intaneti. Wasomaji wengi waliukuta wavuti kwanza kwenye simu ndogo zenye Opera Mini, kivinjari kilichoupitisha ukurasa kwenye seva ili kuupunguza uzito kabla ya kuufikisha. Lie, yule aliyependekeza CSS, ndiye aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa kampuni ya Opera wakati huo.

Katika muongo uliofuata ujuzi ulipanda na uwazi ukashuka. Mpangilio wa gridi ndani ya CSS uliingia katika Firefox, Chrome na Safari mnamo Machi 2017, na kwa mara ya kwanza wabunifu walipata zana iliyokusudiwa kupanga ukurasa mzima kwa safu na mistari. Vivinjari navyo vilikuwa na vyombo vya ukaguzi vya hali ya juu, vilivyofuata njia ya Firebug ya mwaka 2006, vinavyoonyesha ni sheria ipi ya CSS inayogusa kitu kipi. Lakini msimbo wenyewe, katika tovuti kubwa, sasa hutolewa na programu nyingine zinazoubana, kufuta nafasi na kuyageuza majina yenye maana kuwa herufi zisizosomeka, na vifurushi kama Bootstrap, kilichotolewa na wafanyakazi wa Twitter mwaka 2011, vinampa anayeanza ukurasa uliokamilika kabla hajajua umeshikwa na nini. Kubana msimbo kuna faida isiyopingika kwa anayelipia data kwa megabaiti. Gharama yake huangukia kwa yule anayetaka kujifunza kwa kutazama.

Mwalimu wa ubunifu wa tovuti, awe Nairobi, Dodoma au Kampala, anayeanza somo lake kwa vifurushi hivyo humkosesha mwanafunzi hatua ambayo kizazi cha kwanza kiliipata bila kuilipia. Faili la HTML la Zen Garden na laha yake ya mitindo bado vinapakuliwa bure, ni vyepesi kiasi cha kutumwa kwa simu ya bei nafuu, na vinastahili kuwa zoezi la wiki ya kwanza.