Usafiri wa ndege wa watoto wasiosindikizwa na wanyama kipenzi

Usafiri wa watoto wasiosindikizwa na wanyama kipenzi ni huduma ya mashirika ya ndege ambayo kwayo mtoto asiyefuatana na mtu mzima, au mnyama afugwaye nyumbani, huwa chini ya uangalizi wa shirika tangu anapokabidhiwa hadi anapopokelewa. Mtoto, ambaye kwa kawaida huwa na umri wa miaka 5 hadi 11, husafiri kwa fomu iliyotiwa saini na mzazi au mlezi na inayomtaja mpokeaji, ambaye huthibitishwa kwa kitambulisho. Mnyama huwekwa katika kizimba, yaani kasha lenye matundu ya hewa na nafasi ya kusimama na kugeuka, kwa kufuata kanuni za Jumuiya ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga (IATA), iliyoundwa mwaka 1945.

Nchini Tanzania, kwa mfano, ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita huhudumiwa na viwanja vya ndege vya Mwanza na Chato, hivyo makabidhiano huhitaji kupangwa pamoja na safari ya barabara. Huduma hii huziunganisha kwa usalama familia zilizotenganishwa na kazi au masomo.