Marini na Arinoti: Vyama vya Beni na Kusaidiana kwa Watu wa Mijini

Beni ni neno la kuazima. Asili yake ni jina la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta na ngoma za kijeshi, nalo liliingia pwani ya Afrika ya Mashariki pamoja na vyombo vyenyewe. Lakini jambo lililoitwa kwa jina hilo halikuwa la kuazima kama jina lake. Waliolitazama kwa macho ya haraka, na wengi wao walikuwa maofisa wa serikali na wamisheni, waliona vijana waliovaa kofia na mikanda ya Kizungu, wakipiga gwaride barabarani na kuitana Jenerali na Kapteni, wakahukumu kuwa ule ulikuwa mzaha wa watu wanaowaiga mabwana zao. Hukumu hiyo ilidumu muda mrefu, hata baadhi ya wananchi wakaipokea na kuirudia baada ya uhuru. Haikuona kwamba gwaride likiisha na vumbi likitua, watu wale wale walikuwa na michango ya kukusanya, na mgeni wa kumlaza, na mgonjwa wa kwenda kumjulia hali.

Ili kuielewa beni yafaa kukumbuka kwamba katika miji ya pwani ngoma ilikuwa chama kabla ya kuwa mchezo. Miji hiyo tangu zamani ilikuwa na desturi ya kugawanyika mafungu mawili: Lamu walikuwako watu wa Mkomani na watu wa Langoni, na kila upande ulitaka kuushinda mwenziwe kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Kila kundi la ngoma lilikuwa na wakubwa wake na vyeo vyake, ambavyo mtu hakuvipata bila ya kulisha watu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, alizipa ngoma nafasi kubwa katika habari zake, kwa kuwa alijua kwamba mwenye kutaka kueleza maisha ya mji hawezi kuziacha. Wanawake nao walikuwa na lelemama yao, yenye vyama, vyeo na mashindano ya namna hiyo hiyo, na wala hawakungoja kufundishwa na wanaume jinsi ya kuunda chama.

Katika udongo huo tayari ndimo ilimoangukia mbegu ya tarumbeta. Sultani wa Unguja alikuwa na bendi yake iliyopigwa na Wagoa. Ng'ambo ya Mombasa, katika Freretown, mji uliowekwa na wamisheni wa Kiingereza katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa, vijana walifundishwa kupiga vyombo vya shaba. Manowari zilitia nanga bandarini na mabaharia wake wakashuka na muziki wao. Upande wa Wadachi, askari walitembea kwa ngoma na parapanda, na kila tarehe 27 Januari, siku ya kuzaliwa Kaisari wao, miji ya koloni ilitazama gwaride. Mambo hayo yote vijana wa pwani waliyaona, wakayachukua, na karibu na mwisho wa karne ya kumi na tisa, Lamu na Mombasa, beni ikazaliwa. Penye tarumbeta walipiga tarumbeta. Pasipokuwa na tarumbeta walipiga kilichopatikana.

Mombasa majina yaliyovuma zaidi baadaye yalikuwa Kingi na Skochi, moja likitwaa utukufu wa mfalme wa Waingereza na jingine likitwaa sura ya askari wa Kiskoti. Katika Tanganyika majina yalikuwa mengine, Marini na Arinoti, nayo yalienea mji hata mji mpaka bara. Marini, ambayo jina lake lilitokana na askari wa manowari, ilipendwa na wale waliojihesabu kuwa wenye mji: watu wa pwani, makarani na askari wenye vyeo. Arinoti iliwakusanya zaidi watu wa kuja, wapagazi na makuli na watumishi, ambao wenye mji waliwadharau. Mpaka huo haukuwa mkali kama ukuta, na katika miji ya bara mara nyingi ulihama; lakini chuki tamu iliyokuwa kati ya vyama hivi ilipata ukali wake hapo. Arinoti waliimba wakijua kwamba anayeimbwa ni yule anayewapita njiani bila ya kuwaamkia.

Vyeo vilikuwa vingi kupita kiasi. Palikuwa na Mfalme na Malkia, Gavana, Jenerali, Kapteni na Daktari. Na wakati wa Wadachi watu walijipa hata majina ya wakubwa wa Berlin. Mtu aliyekuwa tarishi ofisini Jumamosi asubuhi alikuwa Gavana jioni. Wazungu walicheka. Lakini cheo katika beni hakikuwa cha kuota: kilikuwa na wajibu, kilikuwa na gharama, na aliyekishika aliweza kuamrisha na kutiiwa na watu wa kabila nyingine kabisa na lake. Kwa mtu ambaye serikali ilimwita boi hata akiwa na wajukuu, hilo halikuwa jambo dogo.

Vita vya 1914 mpaka 1918 ndivyo vilivyoisambaza beni. Askari wa Wadachi walikuwa nayo, na askari wa Waingereza walikuwa nayo, hata watu waliokuwa wakipigana risasi mchana wangeweza kujikuta ni ndugu wa chama kimoja. Wapagazi waliochukuliwa kwa maelfu, wale ambao kundi lao limeacha jina la Kariakoo katika Dar es Salaam, walikaa makambini pamoja na watu wa nchi mbali mbali na lugha mbali mbali, wakafa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Walichoweza kushirikiana katika mashaka hayo kilikuwa Kiswahili na nyimbo. Jeshi la Wadachi liliposalimu amri Abercorn mwezi wa Novemba 1918, waliosalimika walirudi makwao, na wengi wakaichukua beni mpaka Unyasa na Rhodesia ya Kaskazini, mahali ambapo pwani ilikuwa habari tu.

Basi, huyu aliyerudi, au kijana aliyemfuata na kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga au katika bandari ya Dar es Salaam, alihitaji nini? Alihitaji mahali pa kulala siku ya kwanza. Alihitaji mtu wa kumwonyesha wapi kazi inapatikana na msimamizi gani ni mkali. Akiugua, nyumbani kwao palikuwa mwendo wa majuma mawili. Zaidi ya yote aliogopa kufa ugenini, azikwe kama mbwa, bila ya sanda wala mtu wa kushika jeneza. Nyumbani kwao mambo haya yote yalikuwa na wenyewe. Ukoo uliyabeba bila ya kuulizwa. Mjini hayakuwa na mwenyewe, wala serikali haikufikiri kuwa ni kazi yake. Chama cha beni kiliyachukua. Wanachama walitoa michango. Waliwatazama wagonjwa wao. Walizika maiti wao na kukaa matanga. Mwanachama aliyesafiri kutoka mji mmoja kwenda mwingine aliwatafuta wenzake wa chama huko aendako, wakampokea kwa cheo chake. Jenerali wa Marini Tanga hakuwa mtu wa bure Lindi. Matawi yalipelekeana habari, na mtandao huo wa watu wasiojuana kwa sura, wanaoaminiana kwa jina la chama tu, ulienea nchini miaka mingi kabla chama cho chote cha siasa hakijaweza kufanya hivyo.

Ni kweli vile vile kwamba mashindano yalikula sehemu kubwa ya yale ambayo ushirika ulikusanya. Chama kilichoalikwa kilipaswa kualika, na aliyealika alipaswa kupita karamu ya mwenziwe. Ng'ombe walichinjwa, mchele ulipikwa kwa magunia, sare mpya zilishonwa. Mombasa, katika miaka ya 1920, mambo yalifika hadi watu kutoa walichokuwa nacho na wasichokuwa nacho, na deni likabaki baada ya nyimbo kusahauliwa. Wazee wa dini walilaumu israfu hiyo, na lawama yao haikuwa ya uongo. Hata hivyo haifai kuyatenga mambo haya mawili kana kwamba moja lilikuwa jema na la pili ugonjwa wake. Watu hawakujiunga na Arinoti kwa sababu ya mfuko wa maziko peke yake. Mfuko wa maziko haumwiti kijana wa miaka ishirini. Aliitwa na sare, na ngoma, na haja ya kumwona Marini akishindwa mbele ya wanawake. Akiisha kuingia ndipo alipojikuta anamzika mtu ambaye hakuwa wa kabila lake. Hali mbaya ya biashara ya dunia iliyoanza mwaka 1929 ilipofunga mifuko ya watu, karamu zilipungua, na beni ya pwani ikaanza kudhoofika pamoja nazo.

Serikali za kikoloni hazikujua la kufanya na vyama hivi. Mara baada ya vita maofisa walivishuku: watu wasio na ruhusa wana vyeo, wana mawasiliano ya mji hata mji, wanatii amri. Walipochungulia ndani hawakukuta njama, walikuta michango na karamu, na mara nyingi waliamua kuviacha, pengine kwa kudai kibali cha ngoma. Lakini hofu haikuisha. Mwezi wa Mei 1935 wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini waligoma kwa ajili ya nyongeza ya kodi, kuanzia Mufulira mpaka Nkana na Luanshya, na huko Luanshya polisi walipiga risasi wakaua watu sita. Tume iliyoundwa kuchunguza mgomo huo ilijikuta inauliza habari za Mbeni, kwa maana chama cha ngoma kilitajwa kuwa njia ambayo habari za mgomo zilipitia. Hapana sababu ya kudhani kuwa Mbeni kilianzishwa kwa ajili hiyo. Wachimbaji walipohitaji chombo cha kupashana habari usiku mmoja, walitumia kile walichokuwa nacho.

Wakati huo huo kilikuwako kizazi kingine kilichojenga vyama vya namna nyingine. Mwaka 1922, katika Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake waliunda chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Walikuwa Wakristo kwa Waislamu, walikuwa na nyumba yao ya kukutania, walisoma magazeti na kucheza kandanda. Mwaka 1929 Dar es Salaam ikapata African Association. Wasomi hawa waliidharau beni. Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, lilikuwa mahali pa kusomwa na watu wa namna yao, na mtu wa kalamu hakupenda kuonekana akipiga gwaride la tarumbeta nyuma ya kuli. Lakini nyumba ya chama, vyeo vya kuchaguliwa, michango ya mwezi, mgeni wa kupokewa: mambo haya mji ulikuwa umekwisha kuyazoea. Watu wa kalamu walikuwa na katiba iliyoandikwa na barua za kuipelekea serikali. Walichokosa, kwa miaka mingi, kilikuwa umati, nao umati ulikuwa umekwisha kwenda kwa Marini na Arinoti.

Terence Ranger, aliyefundisha historia katika Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliifuata habari hii kutoka Lamu hadi machimbo ya shaba na kuiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Kabla yake, mwaka 1956, Clyde Mitchell alikuwa ameeleza juu ya kalela, ngoma ya machimboni iliyo ndugu wa beni, ambamo wachezaji walivaa nguo safi na viatu vinavyong'aa, wakiwa na mfalme wao na daktari wao. Kazi hizo mbili zilisaidia kuiondoa beni katika fungu la mizaha.

Katika miji ya pwani dansi na taarabu zilichukua vijana, na vyama vya siasa vikachukua wale waliopenda kuongoza. Lakini kandokando ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi na upande wa Tanzania, ngoma ya malipenga, ambayo kwingine huitwa mganda, ingali inachezwa. Vikundi huitwa maboma. Wachezaji hujipanga safu kwa safu, nao huwa na vyeo vyao. Shaba haikufika huko kwa wingi, basi watu walichukua vibuyu, wakatoboa tundu ubavuni na kuliziba kwa utando wa buibui, na mtu akiimba ndani yake sauti hutoka ikikwaruza kama tarumbeta. Boma la kijiji kimoja hulialika boma la kijiji kingine, na wenyeji huwalisha wageni mpaka siku ya kuondoka.